Gari la Mbao la Nyamianda

Pitchou anaweza kufungua redio, simu au feni na kuirudisha ikiwa nzima, lakini hawezi kumngoja mtu amalize kusimulia ndoto yake. Ndivyo alivyokuwa tangu utotoni kule Mulongwe. Mwaka ule mto ulipofurika na kuichukua nyumba yao, majirani walikuwa bado wanaulizana la kufanya, yeye alikwisha kubeba televisheni kichwani na kuvuka. Televisheni hiyo ndiyo iliyomlisha baadaye. Alipohamia mtaa wa Nyamianda na mkewe Ernestine, alifungua chumba cha mbele kinachotazama njia, akaweka mashine ya kuchezea michezo ya video, akapanga mabenchi, na vijana wakaanza kuja kucheza mpira wa kwenye kioo.

Baada ya muda wakauchoka mpira. Walitaka magari ya mbio. Pitchou akamwomba binamu yake Thierry, anayevuka mpaka kila mara kwenda Bujumbura kununua bidhaa, amtafutie usukani wa kuchezea. Thierry akauleta, mweusi, umechakaa kidogo, pamoja na pedali zake na waya uliofungwa kwa plasta. Pitchou akaunganisha waya upya, akaubana usukani kwenye ukingo wa meza, akaziweka pedali sakafuni na kumwita Nkusi, dereva wa pikipiki za abiria ambaye hakosi pale saa za joto.

Nkusi alikata kona ya kwanza, na meza ikakata kona pamoja naye. Alipokanyaga breki, pedali ziliteleza juu ya simenti zikaenda kujificha chini ya televisheni, na kiti cha plastiki kikarudi nyuma hadi ukutani. Pitchou akaweka tofali nyuma ya pedali. Tofali likateleza pia. Akamweka kijana mmoja aketi juu ya meza ili isitikisike, lakini kijana huyo akawa anainama kila kona na kuwaziba wengine wasione kioo. Siku ya tatu ya vurugu hiyo ukingo wa meza ulipasuka, na vijana wakarudi kwenye mpira wakilalamika.

Basi Pitchou akaanza kutafuta katika simu jinsi wenzake wa nchi nyingine wanavyofanya. Akaona kitu kilichomfurahisha: fremu ya mbao iliyoshika usukani, pedali na kiti pamoja, kama mtu amelivua gari la mbio mabati yake yote na kubakisha mahali pa dereva. Kwa kuwa kila kitu kimefungwa mahali pamoja, hakuna kinachoweza kukimbia. Pitchou aliitazama picha hiyo akasema ni kazi ya asubuhi moja. Alitaka kwenda kwa fundi wa kule Rugenge, ampe mbao na misumari, na jioni waje kuibeba. Ernestine alimtazama, kisha akageuza macho uani, alikokuwa ameketi baba yake. Pitchou akaelewa, na furaha yote ikamwishia.

Baba mkwe wake, mzee Ndayisenga, alikuwa seremala wa Luvungi kwa maisha yake yote. Alitengeneza milango, vitanda, mabenchi ya kanisa na majeneza. Mkewe, Mama Pudentienne, alipofariki, Ernestine alikwenda kumchukua ili asikae peke yake, na tangu hapo mzee alishinda uani akitengeneza vitu ambavyo havikuharibika. Alikwisha kuifupisha miguu ya kigoda kimoja, akiitafutia usawa, hadi kikawa hakifai tena ila kwa kuku. Kumpelekea fundi mwingine kazi ya mbao, huku seremala yumo ndani ya nyumba, ingekuwa kumtukana mbele ya mtaa mzima.

Pitchou alimpa kazi. Mzee aliitazama picha kwenye simu, akaigeuza huku na huku, akauliza kama mtu anayelala humo ni mgonjwa. Kisha akaagiza mbao ngumu za mti wa libuyu, akazianika uani, na kila asubuhi akawa anazigeuza kama mtu anayegeuza samaki. Pitchou alisema mbao zimekwisha kukauka. Mzee alizigusa kwa shavu lake, moja moja, akazigeuza tena.

Hatimaye alianza kuchonga, na kilichotokea mikononi mwake kilikuwa benchi la kanisa. Lilikuwa na mgongo uliosimama wima, na mbele yake ubao wa kuwekea pedali uliofanana kabisa na ule wa kupigia magoti. Pitchou alilizunguka akajihisi kama anayesubiri kuungama.

Shida kubwa ilikuwa kwamba hakuweza kumwambia. Mkwe habishani na baba wa mkewe, na hata kumtazama usoni huku unataka kitu ni utovu wa adabu. Kila neno lilipitia kwa Ernestine, ingawa wote watatu walikuwa katika ua mmoja ambao hauzidi mkeka mkubwa.

"Ernestine, umwambie Papa kama dereva wa mbio iko nalala kidogo, miguu inaenda mbele," alisema Pitchou.

Mzee alimsikia vizuri sana. Akamngoja Ernestine arudie, kisha akajibu akimtazama binti yake.

"Umwambie bwana yako kama mutu mwenye kulala haendeshi gari. Iko nasinzia."

Ernestine, aliyekuwa anachambua mboga za lengalenga, alisema yeye si posta. Lakini aliendelea kupeleka maneno huku na huku, na baada ya mabishano marefu mzee akakubali kuulaza mgongo wa kiti kwa upana wa vidole viwili. Pitchou aliomba mkono mzima. Mzee aliongeza kidole kimoja, na hapo akafunga mjadala.

Ndipo likaja swali la umbali kati ya kiti na pedali. Pitchou alieleza, kupitia kwa mkewe, kwamba kitu hicho ni cha wateja wote. Mzee akaweka randa chini. Alisema katika maisha yake hajawahi kutengeneza kitu bila kumjua atakayekitumia, akataka aonyeshwe mtu. Pitchou akarudia kwamba ni cha watu wote.

"'Watu wote' haiko mutu," alisema mzee. "Mutu iko na magoti. Miye nitapima magoti ya nani?"

Akaanza kuwapima wateja. Alikuja na kamba yake chumbani, akakaa mlangoni, na kila kijana aliyeingia alimnyoosha mguu, akaipitisha kamba kutoka kiunoni hadi kisiginoni, akafunga fundo. Vijana walicheka, wengine wakajipanga wenyewe. Ilipofika zamu ya Nkusi, mzee alimwomba asimame wima kabisa, akampima toka utosini, kisha mabega. Nkusi aliuliza mabega yanahusu nini na pedali. Mzee akasema ni mazoea.

Kijana mmoja mwenye asili ya Luvungi, aliyekuwa kwenye benchi la nyuma, akasema bila ubaya wowote kwamba anaikumbuka kamba hiyo, maana ndiyo iliyompima babu yake marehemu.

Nkusi alijitazama mabegani, akachukua ufunguo wa pikipiki na kutoka, akisahau hata kofia yake ngumu ya pikipiki. Kesho yake hakuja. Wala wengi waliopimwa hawakuja, na waliokuja waliingia kwa mlango wa uani ili wasimpite mzee. Mama wa kijana mmoja alikuja kumwomba Pitchou, kwa heshima lakini kwa msisitizo, fundo la mwanawe lifunguliwe. Mzee alikataa. Alisema akilifungua atakosa kipimo.

Pitchou alikaa katika chumba kitupu, usukani wake mapajani, akajihesabia kosa moja tu: kuoa katika nyumba ya seremala.

Jumapili, Ernestine na baba yake walipokwenda misa, alichukua nyundo. Mgongo wa kiti ulikuwa tayari, ubao wa pedali ulikuwa tayari, kilichobaki ni kuviunganisha, na yeye alikuwa na misumari. Alipiga misumari mingi kuliko ilivyohitajika, kwa sababu kila msumari ulimpa nafuu. Ubao mmoja ulipasuka kwa urefu; akaufunga kwa waya. Kisha akampigia Nkusi simu, akamwapia kwamba mzee hayuko nyumbani, akamwambia pia aje kuchukua kofia yake.

Nkusi alikuja, akaketi, akasifu. Gari lilishika njia vizuri. Usukani haukutikisika, pedali hazikuteleza, na Pitchou alianza kutabasamu kwa mara ya kwanza tangu Thierry arudi kutoka Bujumbura. Kwenye kona kali Nkusi akakanyaga breki kwa nguvu zote, kama mtu aliyeona mbuzi barabarani. Misumari ya kiti iling'oka yote pamoja. Nkusi akaanguka chali, miguu juu, huku mikono bado imeshikilia usukani ulioondoka na kipande cha ubao.

Wakati huo huo mzee Ndayisenga alikuwa anaingia mlangoni, amevaa koti la misa.

Alimsaidia Nkusi kuinuka, akampangusa vumbi mgongoni, naye Nkusi akasimama mkakamavu kama anayeogopa kupimwa tena. Mzee akavua koti, akaleta koleo, akapiga magoti na kuanza kuitoa misumari, mmoja baada ya mwingine, akiinyoosha na kuiweka kwenye kopo. Utulivu huo ndio uliomshinda Pitchou. Alisahau Ernestine, akasahau adabu, akamwambia baba mkwe wake moja kwa moja:

"Papa, watu wananikimbia. Munapima, munaanika, munapima tena. Mutamaliza lini?"

Ernestine, aliyeingia nyuma ya baba yake, alisimama pale pale, kitambaa cha kichwa kimefunguliwa nusu. Nkusi alipata njia ya kutoka. Mzee alichomoa msumari mwingine, akautazama, naye akajibu bila kumpitia mtu.

"Nikimaliza, kesho nitafanya kitu gani?"

Alisema kwa sauti ya kawaida, kama anayeuliza mahali ilipo misumeno. Hasira ya Pitchou ilikuwa bado ipo, imemjaa kifuani, lakini haikuwa na mahali pa kwenda. Alikitazama kigoda cha kuku kule uani. Alikumbuka kwamba Mama Pudentienne ndiye aliyekuwa akimwita mzee kula, na kwamba siku hizi mzee huja mezani kabla hajaitwa na kukaa akingoja.

"Kesho mutatengeneza hiki hiki," alisema mwishoni. "Hawa vijana munawaona vile wanakanyaga. Hakiwezi kukaa juma bila kuvunjika."

Mzee alikasirika. Alisema kitu alichokitengeneza yeye hakivunjwi na mguu wa kijana, kwamba milango yake ya Luvungi iko bado imesimama, na kwamba Pitchou ashike upande ule wa ubao badala ya kusimama kama mgeni. Pitchou akashika. Wakafanya kazi hadi alasiri, wakiwa na vumbi la mbao kwenye nyusi, wakibishana sasa bila mjumbe. Ernestine alipika, akala peke yake, akasema hajawahi kula kwa amani namna hiyo.

Kitu kilichotoka kilikuwa na makosa yake. Hakikuwa na msumari hata mmoja. Kilishikwa kwa vigingi na viungo vilivyoingiliana, na kwa hiyo kilikuwa kizito kama kabati la sakristia kanisani. Kiti kilisogea mbele na nyuma juu ya ubao wenye matundu, ukachomeka kigingi mahali panapofaa miguu yako. Mzee aliyatoboa matundu hayo kwa kufuata mafundo ya kamba yake, na kwa hiyo yalifaa wale tu waliopimwa. Aliyekuja bila kupimwa aliketi ama magoti kifuani, ama vidole vikizitafuta pedali kwa mbali. Pitchou alitaka matundu mengine katikati. Mzee alisema waje kwanza wapimwe. Bado wanabishana juu ya hilo.

Lakini hakikutikisika. Nkusi ndiye wa kwanza kurudi, akapiga breki hadi akachoka, na fremu haikusogea hata kidogo. Habari ikafika Mulongwe na Rugenge, na chumba kikajaa. Hata hofu ya kamba ikapungua, kwa kuwa Nkusi alikuwa bado hai na alionekana kila siku akibeba abiria.

Siku moja ya mvua, vijana wakiwa wachache, Pitchou akamwambia mzee aketi naye aone. Mzee hakuwahi kuendesha hata baiskeli. Aliketi, akavua viatu, akaushika usukani kwa mikono miwili kama anayepokea ekaristi, na mashindano yakaanza. Magari mengine yakatokomea. Yeye alikwenda polepole, akitazama milima na nyasi za kwenye kioo, akisimama kabla ya kila kona. Aliuliza kwa nini pembeni hakuna watu. Aliuliza barabara nzuri hivi ni ya nani kama hakuna anayeipita kwa miguu. Magari mengine yalimaliza mzunguko, yakampita tena, na kila lilipompita moja aliweka lake kando kwa adabu.

Alikipenda. Sasa kila alasiri, baada ya kulala kidogo, mzee huja chumbani, huchomeka kigingi katika tundu lake na kuanza safari. Wateja hungoja. Pitchou husimama nyuma yake, huhamisha uzito toka mguu huu hadi ule, hutazama saa, hukohoa. Hawezi kumwambia baba mkwe ainuke. Alimtuma Ernestine mara moja tu. Ernestine alikwenda, akamkuta baba yake anamweleza Nkusi kwa kirefu kuhusu kona fulani, akarudi jikoni bila kumsumbua, na kumwambia mumewe asimtume tena.

Juzi umeme ulikatika katikati ya safari, kama kawaida. Kioo kikawa cheusi. Vijana walisimama kwa furaha, wakidhani zamu itabadilika. Mzee hakutoa mikono kwenye usukani. Alisema atangoja, kwa sababu amekwisha kufika karibu na daraja.

Pitchou alitoka nje akipumua kwa nguvu. Katika dumu la jenereta kulikuwa na mafuta aliyoyaweka kwa ajili ya Jumamosi, siku ya wateja wengi. Aliyatazama. Alisema maneno fulani ambayo Ernestine, dirishani, alijifanya hakuyasikia. Kisha akayamimina yote ndani ya jenereta, akainama na kuvuta kamba ya kuwashia, mara ya kwanza, mara ya pili, hadi mashine ikanguruma na taa ikawaka ndani.