Usimguse, Utaubeba

Kwanza msomaji ajue anazungumza na nani. Mimi ni mtoto wa Mpitimbi niliyesoma kwa kibatari, nikapata stashahada ya majokofu na viyoyozi, nikafanya kazi Zambia kwa miaka mingi, kisha nikarudi Songea na zana zangu mwenyewe. Ilikuwa miaka ya ruksa. Maduka yaliyokuwa na rafu tupu yalijaa soda, baa zikaota kila mtaa, na kila mwenye baa akataka friji. Kati ya Makambako na Tunduru hapakuwa na mtu aliyeweza kufungua kompresa, akaifunga tena ikafanya kazi, isipokuwa mimi. Anayebisha akaulize mjini. Nilijenga nyumba ya matofali ya kuchoma pale Bombambili, sakafu ya saruji hadi uani, bila kumwomba ndugu yeyote hata msumari.

Nayasema haya ili ieleweke kwamba sikuwa mtu wa kuogopa ovyo. Umeme umewahi kunirusha ukutani nikainuka na kumaliza kazi. Lakini hofu iliyonipata uani kwangu, mchana kweupe, sikuwahi kuijua, na sina hakika kama imeniacha hata leo.

Binti yetu wa kwanza alikuwa darasa la pili. Alisimama karibu na jiko la mkaa akimsubiri mama yake apakue ugali. Akatoa sauti moja nzito, isiyofanana na sauti yake, akaanguka. Mwili ulikakamaa, ukaanza kujipiga chini, macho yakageuka yakabaki meupe, povu likamtoka mdomoni. Kichwa chake kilikuwa karibu kabisa na jiko. Mimi nilikuwa mlangoni nimeshika spana, na miguu yangu ilikataa kwenda. Mama mkwe wangu, aliyekuwa amekuja kututembelea, alisema maneno mawili tu.

"Usimguse, utaubeba."

Mke wangu alirukia jiko. Alilivuta kwa mikono mitupu, likiwa na moto wake na sufuria yake, akalisogeza mbali na mtoto. Hakumvuta mtoto. Alivuta jiko, akaungua viganja vyote viwili, na sisi wengine tukasimama tukitazama mpaka mtoto akatulia.

Maneno yale ya mama mkwe niliyajua tangu utotoni. Kule kijijini jirani yetu mmoja aliwahi kuanguka kwenye moto wa kupikia pombe. Nakumbuka watu wazima wamesimama na majembe yao, wengine wanalia kabisa, wakingoja povu likauke. Bibi yangu alikuwa amenishika shati kwa nyuma. Yule jirani hakufa, ila mguu wake haukunyooka tena. Wala hakuna aliyemchukia. Kila mtu pale aliamini kwamba povu la mwenye kifafa linaambukiza, na anayemgusa ataubeba ugonjwa hadi nyumbani kwake, kwa watoto wake.

Tulikwenda hospitali, mimi nimevaa suti. Daktari alinieleza kama mtu msomi anavyomweleza msomi mwenzake. Kifafa hakiambukizi, si kwa povu, si kwa mate, si kwa kugusana. Alitupatia vidonge vyeupe, kimoja kila jioni, akaonya kwamba tukiviacha ghafla ugonjwa unaweza kurudi kwa nguvu hata ukaua. Nilielewa yote. Njiani nilimrudia mke wangu maelezo hayo neno kwa neno, naye akatikisa kichwa kukubali.

Mtoto alipoanguka tena, sebuleni, nilisogeza meza. Nikasogeza viti, nikasogeza redio, nikasogeza kila kitu kilichoweza kumuumiza. Yeye mwenyewe sikumgusa. Stashahada ilikuwa kichwani, lakini mikono yangu ilikuwa bado Mpitimbi.

Kuanzia hapo sikulala vizuri. Hesabu yenyewe ilikuwa rahisi mno. Mtoto huyu atakwenda shule, atakwenda kisimani na wenzake, atakaa jikoni kwa watu. Siku moja ataangukia moto au maji, na walio karibu naye watasimama kama nilivyosimama mimi. Kama baba yake hawezi kumshika, nani atamtoa? Nilikuwa nikifungua kompresa kazini nasahau skrubu zake zilikotoka. Wateja walidhani ni uchovu.

Ndipo mke wangu alipoanza kwenda kwenye kikundi cha sala. Walikuwa akina mama wa parokia yetu waliokutana alasiri huko Matarawe, sebuleni kwa mama mmoja mjane aliyeuza nguo za mitumba sokoni. Walisali wameinua mikono, wengine wakilia, wengine wakinena kwa lugha. Mimi nililelewa katika Ukatoliki wa kupiga magoti na kunyamaza, na mambo yale niliyaita kelele. Zaidi ya hapo niliyaogopa. Miaka ileile wahubiri wa kila aina walikuwa wakija na vipaza sauti kwenye uwanja wa mpira, na baadhi yao waliwaambia wagonjwa watupe dawa ili imani yao ionekane. Nilimfahamu fundi cherehani mmoja aliyeacha dawa za kifua kikuu baada ya mkutano kama ule. Tulimzika kabla ya mvua.

Kwa hiyo mke wangu aliposema kwamba atampeleka mtoto akaombewe, nilisema nami nakwenda. Sikwenda kusali. Nilivitia vidonge kwenye mfuko wa shati, nikafunga kifungo, nikaenda kuvilinda.

Yule mama wa mitumba alitupokea mlangoni. Alikuwa mnene, mcheshi, mwenye sauti ya kuitia wateja. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, akanitazama toka kichwani hadi viatuni.

"Karibu, fundi. Leo mafriji yote ya Songea yamepona, ukapata nafasi?"

Nikamwambia nimemsindikiza mke wangu tu. Akanionyesha kiti cha mbele. Nikasema hapa mlangoni panatosha.

"Mlangoni wanakaa mbwa na wachumba," alisema. "Wewe ni yupi?"

Akina mama walicheka, na mke wangu alicheka nao. Nikakaa palepale mlangoni.

Walianza taratibu, kwa nyimbo ninazozijua. Kisha kila mmoja akaanza kusali kwa maneno yake, sauti zikapanda pamoja, na chumba kikajaa kama bati linavyojaa mvua. Nywele zilinisimama. Binti yangu alikuwa katikati kwenye kigoda, anachezea kifungo cha gauni lake, anawatazama bila wasiwasi. Mimi nilimtazama yeye tu, huku nimeweka mkono juu ya mfuko wa shati. Nilikuwa nangoja mtu aseme neno pepo. Nilijipanga kwamba likitamkwa nitamnyanyua mke wangu na kuondoka, ingawa sikujua nani angemnyanyua mtoto.

Halafu nikasikia ile sauti nzito.

Alianguka kutoka kwenye kigoda. Wanawake wawili waliokuwa wageni kama mimi walitoka mbio, wakaniruka pale mlangoni, mmoja akaacha ndara yake. Wengine hawakukimbia, ila sala ilikatika, na wote wakarudi nyuma hadi ukutani. Nilisimama. Nilianza kutafuta kitu cha kusogeza. Sikuona kitu.

Mama wa mitumba alipiga magoti. Alisogeza kigoda kwa goti, akamgeuza mtoto ubavu, akakiweka kichwa chake mapajani mwake, na kwa pindo la khanga akaanza kufuta povu. Wachache walipoanza tena kupaza sauti, aliwaambia bila kugeuka wasimpigie mtoto kelele. Kisha akauliza baba yake yuko wapi.

"Nipo," nikasema.

"Mbona sauti inatoka Njombe? Sogea."

"Siwezi, mama."

"Sikukuuliza kama unaweza. Nimesema sogea."

Nilisogea kwa namna nisiyoielewa, hatua zangu zikiwa kama za mtu anayekanyaga maji asiyoona chini yake. Nilichuchumaa. Povu lilikuwa kwenye mikono yake, kwenye khanga, kwenye gauni. Harufu ya mkojo ilipanda, maana mtoto alikuwa amejikojolea. Nilikuwa na umri wa mtu mzima mwenye nyumba na jina, na nikasikia shati langu linavutwa kwa nyuma, ingawa nyuma yangu hapakuwa na mtu.

"Naogopa," nikamwambia. Sikuwahi kumwambia binadamu yeyote neno hilo.

Hapo ndipo alipozungumza kwa sauti ndogo, ambayo nadhani wengine hawakuisikia. "Najua. Hata mimi mama yangu alinikataza. Unaona haya mapaja yanavyotetemeka? Wewe weka mkono hivyohivyo, pamoja na woga wako. Mungu ataupokea wote."

Nikatazama. Kweli, mapaja yake yalikuwa yanatetemeka chini ya kichwa cha mwanangu. Huyu mama hakuwa amesikia alichosema daktari. Kwa yote aliyoyajua, alikuwa anaubeba ugonjwa ule kwa hiari, ndani ya nyumba yake, mbele ya wajukuu wake waliokuwa wakichungulia dirishani.

Niliweka mkono kifuani kwa mtoto. Moyo wake ulikuwa unakwenda mbio, na mbavu zilipiga kiganja changu. Mate yalinichuruzikia kwenye kifundo cha mkono, ya uvuguvugu. Mke wangu alikuja upande wa pili akaweka wa kwake, na makovu ya jiko bado mekundu. Nilitaka kusali. Mimi niliyezoea kuwaeleza watu mambo kwa mpangilio nilipata maneno mawili tu: Bwana, sijui. Niliyarudia hayo. Wengine walisogea mmoja mmoja, wakaweka mikono kwenye miguu, kwenye mabega, na sala ikaendelea chinichini mpaka mwili wa mtoto ukalegea na pumzi yake ikawa ya mtu aliyelala.

Nilidhani woga umekwisha. Ndipo mama mmoja mwembamba, machozi yakimtiririka, akasema kwamba pepo limetoka, sasa baba azitupe dawa kama shukrani. Wengine wakaitikia amina. Mkono wangu ukakimbilia mfukoni.

Mama wa mitumba aliniona. "Vidonge vyenyewe ndivyo hivyo?"

Nilitaka kukana. Mke wangu alikuwa ananitazama, na katika macho yake sikuweza kusoma yuko upande gani.

"Nipe," akasema, akanyoosha kiganja.

Sijui niliwezaje kufungua kile kifungo. Nilimpa nikijua kwamba akivirusha nje nitavifuata mavumbini kwa magoti mbele ya wanawake wote wale. Alivifunika kwa viganja viwili, vilevile vyenye povu, akafumba macho. Alimwomba Mungu avibariki, aibariki mikono iliyovitengeneza na daktari aliyevitoa. Kisha akanirudishia.

"Mpe jioni, usisahau. Kesho nitakuja kukuuliza."

Yule mama mwembamba alianza kusema jambo kuhusu imani. Mwenye nyumba akamkatiza kwa upole. "Dada, Mungu hamwonei wivu daktari."

Sitaki mtu anielewe vibaya. Ugonjwa haukuisha siku ile. Binti yangu aliendelea kumeza vidonge kwa miaka mingi, na aliendelea kuanguka, ingawa mara chache zaidi na zaidi. Nimeulizwa na wasomi wenzangu kama naamini aliponywa, nami huwajibu kwamba nilikuwapo. Kuna kitu kilifunguliwa pale sakafuni ambacho hakikuwa katika masomo yangu, na masomo yangu, kama nilivyosema, si haba.

Alasiri ile mtoto alikuwa amelala kama gogo, hivyo ilibidi nimbebe. Kutoka Matarawe kwenda kwetu lazima upite sokoni, na ukipita sokoni unapita karakana yangu. Nilitamani njia nyingine. Jua lilikuwa bado juu, shati langu lilikuwa na povu lililoanza kukauka begani, gauni la mtoto lilikuwa limelowa, na kila mtu anamjua fundi. Mke wangu alitembea nyuma yangu.

Mbele ya karakana alikuwa amesimama mteja kutoka Tunduru, mfanyabiashara wa korosho mwenye kanzu safi, na friji lake la mafuta ya taa juu ya pikapu. Alikuja kunisalimia huku akinyoosha mkono, akaona bega langu, akaelewa. Akarudi nyuma hatua moja. Niliiona hofu usoni mwake na niliijua vizuri kuliko yeye. Ningeweza kusema mtoto ana malaria. Watu wangeamini, au wangejifanya wameamini, na biashara ingeendelea.

"Ana kifafa," nikasema. Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyokusudia, na vibarua wangu wakaacha kugonga. "Nampeleka nyumbani akalale. Friji lako nitaliona nikirudi."

Yule mfanyabiashara alishusha mkono aliokuwa ameunyoosha. "Allah amjaalie shifaa, fundi," akasema. Hakusogea karibu, wala hakuondoka. Aliketi kwenye kizingiti cha karakana kunisubiri.

 Nilimhamishia mtoto bega la pili, maana alikuwa mzito, nikaendelea na njia ya Bombambili.