Nimepita Bila Kupingwa kwa Sababu ya Pilau

Jamani, leo nimeshinda uchaguzi na sina raha hata kidogo.

Nilikuwa nagombea ukatibu wa tawi la chama cha wafanyakazi, hapa kiwandani Kibaha. Mpinzani wangu ni Shabani wa stoo.

Kanuni zetu zinakataza mgombea kupokea msaada wa kampeni kwa mtu asiye mwanachama. Shabani akawalisha watu pilau mkutanoni kwake. Mimi nikajua tu, hapo bosi kagharamia. Nikamshtaki kwa kamati.

Leo wakamuuliza pilau ilitoka wapi.

"Kwa mama," akasema. "Mchele wake, mbuzi wake. Kaja navyo kutoka Maneromango, kapika mwenyewe."

Kamati wakatazamana. Lakini mama si mwanachama.

Wakalikata jina la Shabani.

Natoka nje, namkuta mama yake kakaa getini.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Unafanya kazi na Shabani? Vipi, wamempa?"

Nikamwambia anakuja mwenyewe. Nikapanda bodaboda, nikaondoka. Hata nyuma sikutazama.

Naombeni msinipongeze. Niambieni tu, ungekuwa wewe, yule mama ungemjibu nini?