Kopo la Poda

Kinyozi alimnyoa mkewe kwa mkono wake mwenyewe, dawa za hospitali zilipoanza kuziangusha nywele kwenye mto. Nywele za watu alizifagia kila siku. Hizo za mkewe hazikutupika. Alizitia kwenye kopo tupu la poda, akaliweka rafuni.

Mwaka wa pili sasa tangu amzike. Kila asubuhi hufunua kopo, hutazama, hufunika. Hajalia. Watu husema mzee ana moyo mgumu. Mwenyewe anajua ni ganzi tu, kama ya jino.

"Baba, mwachie mama apumzike," binti yake humwambia.

"Kwani nimemshika?"

Kila mwezi huja mtawa wa Kibudha, mzee mwenzake, kunyolewa kichwa. Wembe ukigusa tu, hufumba macho akaghani:

*Nywele hizi naziacha, zianguke kwa amani;*
*na kila aliye hai, atulie mwake ndani.*

"Hujauchoka ubeti huo?" kinyozi alimuuliza siku moja.

"Wewe hujakichoka kichwa hiki?"

"Hakina mitindo. Kinanipumzisha."

Siku hiyo alipomaliza, alinyoosha mkono nyuma rafuni bila kugeuka, kuchukua poda, akafunua kopo na kulikung'uta juu ya upara. Haikutoka poda. Zilimwagika nywele, zikashuka mabegani, zikachanganyika na za mtawa kwenye shuka la kunyolea.

"Za mama watoto," kinyozi alisema.

Mtawa hakujipangusa. "Zitafute. Mimi sitatikisika."

Kinyozi akaanza kuokota. Zote mvi, zote fupi. Alipojaza vidole hakujua kamshika nani. Shingo ya mtawa ilikuwa imeanza kutetemeka kwa kukazwa.

"Ubeti wako unamfaa aliyekufa?" kinyozi akauliza.

"Huo ni wangu. Uliyeishi naye ni wewe. Tunga wako."

"Sijasoma mimi."

"Nywele nazo hazijasoma."

Kinyozi aliuinua mkono juu ya shuka. Kisha akafungua vidole.

"Ulikaa kwangu vema, sasa nenda kwa salama," alisema. "Sikushiki."

Akalikung'uta shuka, akafagia zote pamoja, hadi pembeni, hadi nje.

Alikingoja kilio. Hakikuja. Aliona miguu inauma tu, akakaa kwenye kiti cha wateja alichokiacha mtawa.

"Nikunyoe?" mtawa akauliza.

"Utanikata."

"Basi kaa tu."

Akakaa.