Kanga ya Amana

Nilirudi kijijini kwetu kuzika, nikakuta wameshazika. Si kosa la mtu. Kwetu maiti hangojewi, na njia ya kutoka Makurunge kushuka bondeni ilikuwa bado imekatika kwa mafuriko, nikalazimika kuvua viatu na kuvuka tope kwa miguu huku nikimwomba Mungu nisikanyage nyoka. Nilipofika uani kwa marehemu nilikuwa nimejifunga kanga moja kiunoni na nyingine nimejitanda, kama tunavyokwenda misibani. Niliyojitanda ilikuwa ya marehemu bibi yangu, kanga nyekundu yenye nakshi ya mkorosho, iliyopauka. Niliipata katika kugawana vitu vyake alipofariki, ikiwa upande mmoja tu, bila mwenzake.

Binti wa marehemu alikuja kunipokea mkoba, akaiona ile kanga, akasita. Mkono wake ulibaki hewani. Nikadhani ni uchungu. Akaniambia kwa sauti ya chini nikae kwanza, tutazungumza. Basi nikakaa mkekani na wanawake wenzangu, na kwa kuwa msibani mtu hana kazi nyingine ila kukumbuka, nikaanza kukumbuka.

Marehemu alikuwa jirani yetu, mchoma vitumbua. Kati ya uwanja wake na wetu palikuwa na ua wa michongoma tu, na ua huo haukuzuia kitu: wala moshi, wala bata, wala maneno. Kila alfajiri niliamshwa na harufu ya iliki na mafuta ya nazi kabla hata ya adhana kumalizika. Ukitaka kujua utoto wangu ulikuwa na harufu gani, ni hiyo, na harufu ya tope la mpunga.

Kijiji chetu kiko katika bonde la Ruvu, mahali mto unapokaribia kuifikia bahari. Bonde ndilo lililotupa mpunga, na bonde hilohilo ndilo lililotuletea maji, kwa hiyo hakuna aliyelalamika sana. Ajabu ya maji ya kwetu ni kwamba hayaji na mvua. Mvua inanyesha mbali, huko milimani Morogoro, halafu mto unashuka nayo kimyakimya na kukukuta wewe umeanika nguo juani.

Bibi yangu, aliyenilea, alikuwa mwembamba, mwepesi wa miguu na mwepesi zaidi wa ulimi. Masika yalipokaribia hakuwa mtu wa kusemeshwa. Nyumba nzima ilipandishwa juu. Mbegu za mpunga zilipanda darini, kuni kavu zikapanda, kibiriti kikatiwa ndani ya chupa na kuzibwa kwa nta. Sisi watoto tulizibua mfereji wa kijiji kwa majembe makubwa kuliko sisi, tukarudi na tope hadi kwenye kope. Jioni tulitwanga pepeta, mpunga ulioroweshwa, ukakaangwa na kupondwa, kwa sababu pepeta inalika bila moto. Ilijazwa debe zima na kufungiwa. Bibi aliligonga debe kwa kidole kila asubuhi, akalisikiliza, na kwa mlio tu alijua kama kuna mtu ameingiza mkono. Mtu huyo nilikuwa mimi, na sikuwahi kuelewa alijuaje.

Halafu ilikuja siku ya dua ya mji. Watoto wa chuo cha Kurani na wanaume walikizunguka kijiji kwa Yasini na ubani, tukaishia msikitini kula ubwabwa kwenye masinia. Mtu wa nje angedhani tulikuwa tunamwachia Mungu kila kitu. Ila baada ya ubwabwa kulikuwa na jambo ambalo sijaliona popote pengine. Kila nyumba yenye mtu asiyeweza kukimbia, mtoto, mzee, kipofu, ilimkabidhi mtu huyo kwa nyumba nyingine ya karibu. Maji yakija, nyumba hiyo ndiyo itakayomfuata. Wenyewe hawakuruhusiwa kumrudia mtu wao.

Walikabidhiana kwa doti ya kanga. Ilikatwa katikati, upande mmoja ukachukuliwa na aliyepokea, mwingine ukabaki kwa aliyepokelewa. Aliyekabidhi alisema, “Huyu ni wako,” na aliyepokea akajibu, “Ni wangu na wa nyumba yangu.” Basi. Ringi ya gari iliyokuwa kengele ya shule ikigongwa bila kukatika, anayengojea alijitanda kanga yake na kukaa barazani. Hatoki. Hata maji yakigusa vidole hatoki, kwa sababu akitoka, yule anayemfuata atamtafuta mahali asipokuwepo, na watapotea wawili.

Niliwahi kumuuliza bibi kwa nini isiwe kila mtu amfuate wa kwake. Alikuwa anapepeta mchele, na hakuacha kupepeta. Akaniambia kwamba alipokuwa mwali ndivyo walivyofanya. Kila mtu alimkimbilia wake, akawapita wa wenzake njiani, na wasio na mtu karibu wakabaki. Mdogo wake alikuwa mmoja wa waliobaki. Nilingoja aendelee, lakini aliinuka akaenda kumwagia kuku pumba.

Mwaka ule ninaoukumbuka zaidi, bibi na jirani yetu walikuwa hawasemezani. Sababu ilikuwa bata. Bata wa jirani waliingia kitalu cha mpunga cha bibi wakakimaliza, bibi akasema maneno, jirani akasema maneno makubwa zaidi, na tangu hapo salamu zikapitia kwangu. Nilikuwa natumwa na shikamoo ya kinafiki na kurudishwa na marahaba ya kinafiki. Hata vitumbua tulikuwa tunanunua kwa mtu wa mbali, vigumu, havina iliki. Lakini siku ya dua ya mji jirani alisimama mbele ya bibi na doti mpya ikakatwa, kwa sababu nyumba yake ndiyo iliyokuwa karibu na mimi ndiye niliyekuwa mtoto wa kwetu. “Huyu ni wako,” bibi akasema, akitazama pembeni. Jirani akajibu ipasavyo, naye akitazama pembeni. Hayo ndiyo maneno pekee waliyosemezana tangu bata waingie kitaluni.

Maji yalikuja baada ya sala ya alasiri, jua likiwaka. Ringi iligongwa, na haikukatika. Bibi alinitanda kanga, akanikalisha barazani, akanishika kidevu. “Kaa hapohapo. Anakuja,” akasema, kisha akaenda zake kumfuata mzee kipofu wa nyumba ya tatu, aliyekuwa amana yake. Niliuona mgongo wake ukienda. Nilikuwa mdogo, rafiki yangu, na sijui kama nimewahi kuogopa vile tena. Maji yaliingia uani taratibu kama mgeni mwenye adabu, yakanyanyua majani, yakanyanyua sufuria ya mbwa. Nililia, lakini sikutoka.

Jirani akaja. Alikuwa na upande wake wa kanga, akanifunga mgongoni ingawa nilishapita umri wa kubebwa. Mgongo wake ulinukia mafuta na iliki. Tukavuka, tukapanda kilimani kwenye mikorosho, ambako watu wote walikuwa wanakusanyika. Alinishusha, akanishika mkono, akageuka kuitazama njia. Binti yake mdogo alikuwa amana ya mwalimu wa chuo, na mwalimu alikuwa hajafika.

Sasa nimekuwa mama, na ninaelewa nilichokiona. Wakati ule nilihisi tu mkono wangu unaumia. Watu walipanda mmojammoja, kila mmoja na mtu wa mwenzake, na yeye alimtazama kila aliyefika na kumwacha apite. Midomo yake ilikuwa inasoma. Nilimuuliza mwanawe yuko wapi. “Yuko njiani,” akasema. Angeweza kunitupa pale akarudi majini, na hakuna ambaye angemlaumu. Hakurudi. Alisimama tu, akinivunja mkono, mpaka mwalimu alipotokeza, maji kifuani, mtoto mabegani. Hapo jirani alikaa chini kwenye maganda ya korosho, akamchapa binti yake matakoni, akamkumbatia, akalia kwa sauti.

Bibi alifika mwishoni, akimwongoza kipofu aliyekuwa ananung'unika kwamba ugoro wake umeachwa. Alinitazama, akatazama mkono wangu ulivyovimba, kisha akamwambia jirani, “Bata wako wako juu ya paa langu. Wakitoboa makuti utalipa.” Jirani alicheka huku makamasi yanamtoka, na bibi akacheka, na ugomvi ukaishia pale. Siku zilizofuata tulikula pepeta chini ya mikorosho, na hakuna aliyekosekana.

Hakuna aliyeukataza utaratibu ule. Uliachwa tu. Nilipoolewa nikahamia Kerege ulikuwa tayari umeanza kuchekwa. Watu wengi walishahama, wageni wakaja. Zikaja simu, pikipiki, kamati ya maafa yenye vizibao na kipaza sauti, kibao kinachoonyesha mahali pa kukusanyika. Sivibezi vitu hivyo. Mwaka huu habari ya maji ilifika kwenye simu mapema kuliko ringi ilivyowahi kufika, na karibu kijiji kizima kilitoka kikavu, kila mtu na watu wake.

Baada ya hitima binti wa marehemu aliniita ndani. Ni yuleyule aliyevushwa mabegani mwa mwalimu. Siku hizi ameolewa Vigwaza, naye ana mvi. Alifungua mfuko wa nailoni akatoa kanga. Ilikuwa nyekundu ya mkorosho, imegandana kwa matope, na ukingo wake mmoja ulikatwa kwa mkono. Sikuhitaji kuipima na niliyojitanda.

Akanieleza. Baada ya mimi kuondoka, bibi na mama yake waliendelea wao wawili. Kila masika walikaa barazani, wazee wenye magoti mabovu, wakala ubwabwa wao. Mama yake alipoanza kushindwa kutembea, bibi akanunua doti, akaikata, akampokea. Watu walicheka sana. Walikuwa wanauliza nani atambeba nani. Hata yeye binti alicheka, akaona ni michezo ya wazee. Halafu bibi akafariki, sanduku likagawanywa, na hakuna aliyekumbuka upande mmoja wa kanga umekwenda kwa nani.

“Nilimpigia siku ile ya maji,” akasema. “Nikamuuliza, mama, una mtu wa kukutoa? Akaniambia ninaye, nimeshajitanda, nakaa barazani. Nikamuuliza ni nani. Akasema, wa nyumba ya shoga yangu, yuko Kerege, si mbali. Simu ikakatika. Mimi nikajua mmeshazungumza.”

Hatukuwa tumezungumza. Sikuwa hata na namba yake.

Jirani mpya, anayekaa nyumba iliyokuwa yetu, alipita siku ile na pikipiki, mkewe na watoto wamepanda. Alikuwa ameniambia mwenyewe mapema pale uani, na sikumwelewa. Alisimama akamwambia marehemu angojee kidogo, anawashusha hawa kilimani halafu anamrudia. Marehemu akamshukuru, akamwombea dua, akamwambia asijisumbue kurudi, yeye ana mtu wake. Maji yalipopungua walimkuta palepale barazani, kati ya nguzo na ukuta. Hakuwa ametoka.

Nimeulizwa na mume wangu, na pengine na wewe unataka kuniuliza, kwa nini ajizuie vile, mtu mzima, mwenye akili zake. Ningekujibu kwamba alikuwa amesimama kilimani akamngojea mwanawe, na mwanawe akaja. Ukishapata jambo kama hilo mara moja maishani, unaliamini. Alikuwa ameahidiwa na nyumba, na kwetu nyumba haifi mwenyewe akifa. Kibao cha kamati bado kipo, nimekiona, kimeandikwa vizuri, mshale wake umenyooka. Lakini mshale hauingii mlangoni kumshika mtu mkono. Nimelia kwa hilo kuliko nilivyomlilia bibi yangu mwenyewe.

Binti hakunilaumu. Alizifua kanga zote mbili, akazikunja pamoja, akasema niondoke nazo kwa sababu hajui aziweke wapi.

Nami nimejaribu kuikumbuka siku ile, mchana ule alipokuwa amejitanda, anaitazama njia. Kerege jua lilikuwa kali. Nilikuwa nafua. Kanga ya bibi niliianika uani, na ilikauka upesi.