Kushoto, Kushoto, Kushoto

Sisi watu wa Kivu ya Kusini, mkono tunampa polisi na mtu wa ofisi. Ndugu, rafiki, mtu wa kanisa, huyo tunamsalimia kwa kichwa: unagusanisha kichwa chako na chake pembeni ya jicho, kulia, kushoto, tena kulia. Mara tatu, na usipunguze, maana anayepunguza ana neno moyoni. Hapa Nakivale, kambi ya wakimbizi Uganda, tulifika bila mashamba na bila nyumba, lakini salamu hiyo tulivuka nayo mpaka kwa sababu haina uzito wa kubeba.

Basi ugonjwa wangu, katika mwili mzima huu wa kulima na kubeba maji, ukachagua kukaa shavu la kulia.

Ulianza kama jino. Nilikuwa nakunywa chai, kitu kikanipiga kutoka sikioni mpaka puani, kikombe kikaanguka, halafu kile kitu kikaenda zake. Mume wangu akasema ni jino. Jirani yetu Murundi, mama mwenye huruma ambaye hajawahi kukosa dawa ya jambo lolote, naye akasema ni jino, akanipa karafuu za kuuma. Nikang'olewa moja hapa kambini. Kesho yake nikapigwa tena, nikapelekwa mjini Mbarara, nikang'olewa la pili. Meno mawili mazima, hayakuwa na kosa lolote, na mpaka leo nikila muhindi wa kuchoma nayakumbuka kama marehemu.

Daktari wa tatu, kijana wa Mbarara aliyejitahidi na Kiswahili chake cha barabarani, ndiye aliyeacha kuangalia mdomo. "Mama, hii si jino," akaniambia. "Iko mshipa moja ya uso, imekasirika. Hata upepo ikigusa, inapiga." Akaniandikia vidonge, akasema vitapunguza lakini havitamaliza, nizoee kuishi nao. Kwa furaha ya kuaminiwa nilitaka kumsalimia kwa kichwa. Nikampa mkono, nikatafuta boda ya kwenda stendi, nimejifunga kitenge usoni kama mwizi wa kuku.

Shida haikuwa daktari, shida ilikuwa nyumbani. Kwetu ugonjwa wa kuheshimika una kitu cha kuonyesha: homa, uvimbe, kutapika, hata kipele kimoja. Uso wangu ulikuwa laini na mafuta yake. Nikiosha uso, napigwa. Nikitafuna, napigwa. Nikiongea, napigwa, na hapo ndipo mume wangu alipofanya kosa ambalo sijamsamehe sawasawa. Mimi ni mtu wa maneno, kila mtu anajua. Nilipokaa wiki mbili nikijibu kwa kutikisa mkono tu, yeye hakuona ugonjwa, aliona muujiza. Jumapili akasimama mbele ya kanisa, akasema Bwana asifiwe, akashuhudia kwamba maombi yake ya miaka ishirini na miwili yamejibiwa, mke wake amepata roho ya upole. Wamama wakapiga vigelegele. Nikabaki kwenye benchi na hasira zangu zote, siwezi kufungua mdomo kumpinga, na kule kunyamaza kwangu kukawa ushahidi. Vidonge vilipoanza kufanya kazi na maneno yakarudi, nilimlipa ushuhuda ule kidogo kidogo kwa muda wa mwezi mzima.

Lakini kichwa bado sikuweza kukitoa. Nikawa natoa mkono, kwa ndugu, kwa wanakwaya, hata kwa mke wa mchungaji. Nilijaribu kutoa upande wa kushoto tu, haikusaidia; kichwa cha Mukongomani kinajua njia yake, ukimpa kushoto anapita tu kwenda kulia bila kukuuliza. Watu wakaanza kusema. Hapa kambini mtu akijitenga na wenzake, wanajua faili lake la Amerika limeamka. Wakasema jina langu limetoka kwenye orodha ya wanaohamishiwa huko, ndiyo maana sitaki tena vichwa vya wakimbizi. Kuna mama alinijia na mtungi wa mafuta ya mawese ili nisimsahau nikifika huko. Mafuta nilichukua, yalikuwa mazuri.

Ningeendelea hivyo hivyo, kama si binti yetu wa kwanza. Yeye ni mshonaji, mtoto mwenye adabu, na kijana aliyempenda ana mama ambaye kwa mambo ya heshima hapimiki. Siku moja kanisani mama huyo alinijia na kichwa chake, nikaruka nyuma, nikampa mkono. Aliuangalia ule mkono kama nimempa samaki mbichi. Wiki haikuisha, ujumbe ukafika: wataleta mahari Jumamosi ya pili, lakini mama wa kijana anataka kuona atasalimiwa namna gani. Akipewa mkono tena, watarudi na mbuzi wao, maana hawezi kuacha mwanae aingie nyumba yenye zarau.

Binti yangu alilia siku mbili. Siku ya tatu akaja kukaa karibu nami pale ninapopepeta maharage.

"Mama, si mara tatu tu?" akasema. "Vumilia siku moja."

Niliumia kuliko shavu. Huyu nilimzaa, nikamshika mkono njia nzima kutoka kwetu Fizi, na hata yeye aliamini ni jambo la kuvumilia.

Nikajaribu kuwaeleza. Daktari alikuwa amenipa hesabu yake, sifuri ni hakuna maumivu, kumi ni yale ya mwisho kabisa. Nikawaambia mimi niko kumi. Mume wangu akauliza kumi ya nini. Nikasema nimezaa watoto sita, na niko tayari kuzaa wengine sita leo jioni kuliko kupigwa shavu hili mara moja. Akasema hilo la watoto tuliombee kwanza. Nikanyanyuka nikaenda kuongea na mbuzi.

Aliyeniokoa ni mume wangu mwenyewe, bila kukusudia. Ana hadithi moja. Zamani, tulipokuwa wapya Uganda, alipata kibarua kwa fundi wa kuchomelea vyuma kule Ruti, pembeni ya Mbarara, akashika waya asioujua, umeme ukamrusha. Hadithi hiyo ameisimulia miaka tisa. Ameisimulia ubatizo, ameisimulia msiba, na kila mwaka umeme unaongezeka. Siku tano kabla ya wageni tulikuwa tunakula, jirani yetu Murundi akiwa pamoja nasi, na mume wangu akafika pale kiatu kinapomtoka mguuni kinaenda kutua juu ya bati la jirani. Nikaweka ugali chini.

"Ulikushika mara ngapi, ule umeme?"

Akasema mara moja, lakini ilikuwa moja ya kweli. Nikamuuliza kwa dakika ngapi. Akasema dakika haikufika, angekufa.

"Miaka tisa unatuambia ile moja," nikasema. "Mimi jana umenishika mara kumi na saba. Nikinawa, nikinywa chai, nikikuita uje kula. Ule ule, hapa mu shavu. Ila kiatu changu hakiruki, ndiyo maana hamuniamini."

Mume wangu akainua mkono polepole, akashika shavu lake mwenyewe, akaniangalia kama mtu aliyekutana na mwenzake wa jeshini.

"Ule wa Ruti?" akauliza.

"Ule wa Ruti," nikasema.

Kuanzia hapo akawa mgonjwa kuliko mimi. Akatundika pazia mlangoni kuzuia upepo. Akawakataza watoto kufagia nikiwa uani. Aliomba kwa sauti ndogo, yeye ambaye maombi yake yanasikika mpaka Rugaaga. Binti yangu, aliyesikia yote pale kwenye chakula, aliendelea kushona nguo za watu, nami sikujua kama maneno yangu yalimwingia.

Tulikubaliana kwamba Jumamosi mume wangu atampokea baba wa kijana njiani, amueleze habari ya shavu mapema, naye amwambie mkewe. Mpango mzuri, ila tulimpa mtu asiyefaa. Alianza kueleza kuanzia Ruti. Alikuwa hajamaliza hata kuanguka, kiatu bado kiko hewani, wakati wamama wa ule upande walipoingia uani kwangu wakiimba, wamepanga mstari, na mbele yao mama wa kijana, kilemba kirefu, amekwisha kuinamisha kichwa.

Niliona upande wa kulia unakuja. Nikawaza: mtoto wangu au shavu langu. Nikafumba macho, nikatoa kichwa. Kweli nilikitoa.

Hakikugusa kitu. Nilipofumbua macho, kiganja cha binti yangu kilikuwa kimesimama kati ya kichwa cha yule mama na shavu langu. Sasa, siku ya mahari msichana hukaa ndani mpaka aitwe. Akitoka mwenyewe, watu watasema ana haraka ya kuolewa, na wageni wanaweza kuondoka kwa hilo peke yake. Yeye alikuwa ametoka, miguu mitupu, mbele ya wakwe wote. Nyimbo zikakatika.

"Mama," akamwambia mama wa kijana, akipiga goti na mkono bado uko juu, "ule upande unamuumiza sana. Mumusalimie huku. Mara tatu, kushoto tu."

Yule mama alimwangalia, akaniangalia mimi, akauangalia ule mkono. Kisha akavuka akaja upande wa pili: kushoto, kushoto, kushoto. Akaniambia tu, "Pole, mukwe wangu."

Mama aliyemfuata hakuwa amesikia kitu, aliona tu jinsi mkubwa wake alivyofanya, akajua ndiyo desturi ya ukoo wetu, akafanya hivyo hivyo. Na wa tatu. Na wa nne. Mstari mzima ulipita upande mmoja kama ng'ombe wa kuogeshwa, na mkono wa binti yangu ulikaa pale pale, karibu na ngozi lakini bila kunigusa, unanuka vitunguu, mpaka kichwa cha mwisho. Siku hizi nasikia kule kwao wanasalimiana kushoto mara tatu hata watu wasionijua, na juzi kuna bibi alinifundisha sokoni, akasema hii ndiyo salamu ya watu wenye adabu.

Jioni ile, mbuzi wamekwisha kufungwa na hadithi ya mume wangu imefika kwenye bati kwa mara ya tatu, nilimkuta binti yangu jikoni akiosha sahani. Nikamuuliza kwa nini alitoka, hakuogopa kurudishwa?

"Niliwahesabu kwa dirisha," akasema. "Batu kumi na bane, mama. Kila mmoja angekupiga kulia mara mbili."

Nikamtoa sahani mkononi, nikampa kichwa: kushoto, kushoto, kushoto.