Jina Nililolibeba Mdomoni

Leo nimeamshwa na harufu ya tangawizi. Mama mkwe wangu yuko jikoni nyuma ya nyumba, anaiponda juu ya jiwe, na harufu yake inapita chini ya pazia mpaka hapa kitandani nilipolala na binti yangu. Binti huyo bado hana jina. Hapa Kasongo wageni wanaingia na kutoka, na kila mmoja anauliza anaitwa nani. Nawajibu kwamba anaitwa Mugeni, kama kila mtoto anayengoja jina. Kwetu binti wa kwanza hupewa jina na mama yake baba, na mama mkwe wangu hajasema neno.

Mdogo wangu, aliyeolewa Kindu, ananitumia majina kwa simu tangu juzi. Anasema majina ya kijijini yamerudi, na wamama wa mjini sasa wanayatafuta kwa tochi. Yeye mwenyewe, aliyewahi kulia shuleni kwa sababu ya jina lake, siku hizi anatembea nalo kifua mbele. Mimi nacheka tu. Jina lake nililileta mimi, tena nililibeba mdomoni pamoja na kipande cha tangawizi. Sogeeni niwaeleze, maana Mugeni amelala na chai bado haijaiva.

Likizo aliyozaliwa mdogo wangu nilikuwa kijijini Wamaza, kwa Koko. Ndivyo tulivyomwita mama yake baba. Nyumba yake ilinukia mawese na moshi, na uani kulikuwa na mihogo iliyotoka kulowekwa, ikichacha polepole juani. Mpaka leo nikikutana na harufu ile mahali popote, miguu yangu inataka kuvua viatu. Asubuhi ukungu ulikaa chini sana hata kuku wakipita uani uliona vichwa tu. Mimi nilikuwa mtoto wa maneno mengi. Niliamka nikiongea na nililala nikiongea, na Koko alikuwa akisema kwamba siku nikinyamaza watu watakuja kuuliza nani amefariki.

Nilizaliwa humo humo, katika chumba cha nyuma cha nyumba ile. Koko alikuwa amekwisha kuniandalia jina, la mama yake mwenyewe. Lakini mama yangu alikuwa msichana wa Kasongo, aliyesoma kwa masista, na kabla sijamaliza kilio cha kwanza akanikumbatia na kusema, "Huyu ni Klarisi." Baba alikuwa mlangoni, akalirudia kwa furaha, asijue anachofanya. Likawa limepita.

Tangu siku hiyo Koko na mama walizungumza kwa kupitia watu. Mama akija kumsalimu, Koko angesema, "Mumuambie ule mama chumvi iko mu kikombe," naye mama amesimama pale pale, karibu kumkanyaga. Mimi Koko alinipenda kupita kiasi, alinichagulia kipande kizuri cha samaki, lakini Klarisi halikutoka kinywani mwake hata siku moja. Aliniita weye. "Weye, leta maji. Weye, kuja kula." Nilipokuwa mdogo sana nilidhani Weye ni jina langu la Wamaza, kama vile mtu anavyokuwa na nguo za shambani.

Basi jioni moja ikaingia pikipiki ya baba mdogo, ndugu yake baba, aliyekuwa akibeba wachimbaji kwenda na kurudi Lusangi. Alishuka mwekundu mwili mzima kwa vumbi, akasema mama amejifungua Kasongo, mtoto ni wa kike, wote wawili wazima. Kisha akakohoa. "Na Mama Klarisi anasema, hii mara jina itoke kwako."

Koko akaweka chini ungo wake. "Yeye mwenyewe njo alisema?"

"Yeye mwenyewe, mama. Mi niko natumwa tu."

Koko akakaa juu ya kinu, akamtazama kana kwamba amezungumza kigeni.

Habari Wamaza haihitaji pikipiki. Kabla jua halijazama, uani palikuwa pamejaa wamama, na kila mmoja amekuja na jina. Mapenzi! Mauwa! Wabiwa! Mmoja alishikilia Kashindi, wakamuuliza mapacha wako wapi, maana Kashindi ni yule anayefuata mapacha, akajibu kwamba hayo yatapangwa baadaye. Waliyataja majina ya mama zao, ya shangazi, ya watu waliokufa zamani, na nakumbuka jinsi sauti zao zilivyolainika wakiyataja. Nilikuwa nimelala mkekani, nikahisi uani pamejaa watu wengi kuliko niliowaona.

Ndipo jirani mmoja, mama mwenye kucheka kwa sauti, akamgusa Koko bega. "Sasa ile mama wa mujini iko mu mukono yako. Mupe mutoto yake jina ya pori kabisa, asikie!" Wote wakacheka. Koko hakucheka, wala hakukataza. Mimi nikainuka mkekani. Nilimjua mama. Nilijua kwamba kusema "jina litoke kwako" kulimchukua usiku mzima wa kujigeuza kitandani. Kama Koko angelipiza, basi kati yao pasingepatikana neno tena, na mtoto yule angelibeba kosa hilo maisha yake yote, kila anapoitwa kula.

Asubuhi Koko aliniita nyuma ya jiko. Alikuwa na kipande cha tangawizi, amekimenya na kukiosha.

"Fungula kinywa. Hii unaiweka ku shavu. Usiseme na mutu mpaka Kasongo. Jina ya mutoto haimwagwe mu njia, na baba yako mudogo ataisema ku kila bariere ya maaskari. Ukifika, sikio ya kwanza ni ya mama yako. Umesikia, weye?"

Nikatikisa kichwa. Akainama, pumzi yake ikiwa ya moto, akaninong'oneza: Mwavita.

Jamani, nilikaribia kulia. Mwavita! Jina la waliozaliwa wakati wa vita, la wamama wa zamani wenye kitunga mgongoni. Shuleni kwetu tulikuwa na Mwavita mmoja, na wavulana walimfuata wakiigiza kutembea kwa fimbo. Niliona wazi kwamba Koko amesikiliza maneno ya jirani. Nimepewa kofi nimpelekee mama yangu.

Tukaondoka. Ukungu ulikuwa bado umelala njiani, matete yamesimama pande zote mbili yakidondosha maji, na baba mdogo aliendesha polepole akitafuta pa kupita kati ya madimbwi. Hakuwa amezoea ukimya wangu. "Weye Klarisi, leo umekuwa bubu? Ni Faida? Ni Sifa? Basi nipige kimoja ku mugongo kama ni Sifa!" Sikumpiga. Tangawizi iliniunguza shavu, machozi yakanitoka, na kila nilipomeza mate niliona kama jina nalo linateremka kidogo. Nilifikiri kulimeza kabisa. Nikifika niseme limepotea, nani angejua? Lakini lilikaa pale pale, chini ya ulimi, lenye joto.

Baadaye jua likachomoza na usingizi ukanijia, ule wa pikipiki, ambao mtu anasikia kila kitu lakini kwa mbali. Harufu ya petroli, ya shamba lililochomwa, ya mto. Kwenye kijito daraja lilikuwa limevunjika, baba mdogo akanibeba mgongoni kisha akarudi kusukuma pikipiki. Wamama walipita wakitoka shambani, mkanda wa kitunga kwenye paji la uso, wakatusalimu, nami nikawapungia mkono tu. Nikawaza kwamba huenda wote wanaitwa Mwavita. Kisha nikawaza kwamba kila mmoja wao aliwahi kuwa mtoto mchanga, na mtu fulani aliinama juu yake akaliona jina hilo ni zuri kuliko yote. Wazo hilo lilinishangaza. Nililitazama kwa muda mrefu, mpaka paa za Kasongo zikaonekana.

Mama alikuwa kitandani, amemfunga mtoto katika kikwembe cha manjano. Baba alisimama karibu na mlango, hajui pa kuweka mikono. Aliponiona nilivyovimba shavu akataka kucheka, lakini mama hakucheka. Alinitazama kama mtu aliyekwisha kujitayarisha kwa maumivu. "Sema basi," akasema.

Nikatoa tangawizi, nikaweka mdomo kwenye sikio lake, nikasema.

Hakutikisika. "Rudilia."

Nikarudia. Akanishika mkono, akaufinya mpaka nikahisi mifupa.

"Nani alimuambia?" Akamgeukia baba. "Weye njo ulimuambia?"

"Nimuambie nini? Hata sijasikia!"

"Mwavita," mama akasema, na sauti yake ikavunjika katikati. "Ile njo jina ya mama yangu."

Baba akaketi sakafuni. Bibi yangu huyo wa pili alikufa mama akiwa msichana mdogo. Kwetu mwanamke akishazaa jina lake linaondoka, anaitwa kwa jina la mtoto, na kila aliyemkumbuka alimkumbuka kama Mama Feza, kwa sababu mama yangu ndiye Feza. Hilo la kwake mwenyewe lilikuwa limebaki katika kichwa cha mtu mmoja tu. Mama akamwinua mtoto, akaweka midomo kwenye kipaji chake, akamwita. Alimwita tena na tena huku akilia na kucheka, na mimi nikasimama na kipande changu cha tangawizi mkononi, nisielewe jinsi kofi lilivyogeuka njiani.

Koko alikuja baada ya kitovu kuanguka, na kuku wawili na unga wa mihogo. Mama alimtokea uani, akapiga magoti. "Mama, aksanti." Hakupitia kwa mtu.

"Aksanti ya nini? Chumvi iko?" Koko akajibu, akaingia jikoni. Mama akamfuata, akamuuliza jina lile alilipata wapi, naye akasema, "Nilisikia." Hakuongeza, siku hiyo wala miaka iliyofuata, mpaka alipokufa. Kisha akatoa kichwa mlangoni. "Klarisi, leta maji." Niliangalia nyuma yangu kuona anamwita nani.

Mama naye alituacha mvua zilizopita. Nilidhani jambo hilo limekwenda nao wote wawili. Lakini asubuhi ya pili baada ya kumzaa Mugeni, mkunga alikuja kunipima, akaanza kunicheka. "Feza njo nani? Uliita Feza, Feza, kuja unisaidie, mpaka watu wa inje walisikia."

Mimi? Mimi niliyemwita mama maisha yangu yote, ambaye sijawahi kulitamka jina lake mbele ya mtu? Sikumbuki. Sikumbuki hata kidogo. Nikaona chumba cha nyuma kule Wamaza, na msichana wa mjini asiye na mama, ameshika shingo ya mkwewe, analia kwa jina la mama yake, ambalo hatakumbuka kuwa amelitaja. Koko akasikia. Punde tu akanyang'anywa jina la mama yake mwenyewe, akakasirika, akanuna miaka yote ile, na muda wote huo akalitunza lile jingine kinywani, bila tangawizi.

Siku yangu ilipofika, shingo niliyoishika ilikuwa ya mama mkwe wangu.

Jiwe jikoni limenyamaza. Nasikia kandambili zake zinavuka uani, na kikombe kinagonga sahani yake. Sitamuuliza kitu. Nimemgeuza Mugeni, sikio lake moja lielekee mlangoni.