Mstari wa Pembezoni

Nikinusa karafuu na karatasi yenye unyevu kwa pamoja, mpaka leo navitazama vidole vyangu kama vina wino. Ndivyo kilivyonuka chumba cha chini cha Shangazi Salma, mtaani Mkunazini, masika yale nilipokuwa na miaka kumi na mmoja. Maji yalikuwa yakipanda ndani ya kuta, chokaa ikibambuka vipande vipande, na shangazi alifunga karafuu vitambaani akazitia kabatini, mende wasile majalada yake. Kwa zaidi ya miaka thelathini alikuwa mwanasheria wa benki. Mikataba ya wafanyabiashara wakubwa wa mjini ilipita mikononi mwake. Lakini Jumamosi baada ya Adhuhuri chumba kile kilikuwa cha majirani, bure, na wapo waliomshuku: "Wakili wa benki na bure, wapi na wapi?"

Alikuwa na sharti moja. Hakuna aliyetia saini mbele yake mpaka aisimulie karatasi yake kwa maneno yake mwenyewe, bila ya kuitazama. Matajiri walisimulia, na muuza maandazi alisimulia.

Shule zilikuwa zimefungwa, umeme ukikatika kila siku, na kazi yangu ilikuwa kunakili. Shangazi aliandika rasimu zilizojaa mikwaruzo, mimi nikazitoa safi. Mwandiko ule nilijifunza mwenyewe kwa kuiga herufi za majalada ya zamani. Tone moja la wino lilitosha kunifanya nichane ukurasa mzima. Nimewahi kulia kwa ajili ya nukta, na sisemi hivyo kwa kujivuna.

Wiki moja ikaja kazi ya Bi Mwanaidi, jirani yetu mjane. Ukoo wake ulitaka kuikodisha nyumba ya urithi kwa mtu wa hoteli, na kwanza warithi waandikiane makubaliano. Nilitoa ukurasa mzuri kuliko zote nilizowahi kuandika. Nilipomaliza ndipo nikauona, pembezoni mwa rasimu, mstari wa penseli ulioandikwa wima: Bi Mwanaidi atabaki na chumba chake cha chini maisha yake yote. Nafasi ya kuutia haikuwapo, na nilikuwa nimeshachana kurasa tatu. Nikajiambia nitamwambia shangazi kesho. Kesho yake nikamwona ana shughuli, nikafurahi.

Jumamosi Bi Mwanaidi aliingia akitweta, pamoja na Hamadi, mtoto wa kaka yake, aliyewasimamia warithi wengine. Shangazi akawasomea karatasi yangu, kisha akaifunika kwa kiganja.

"Haya Bi Mwanaidi, hebu nsimulie."

"Akianza huyu," alisema Hamadi, "Magharibi tutaiswali hapa hapa."

"Nyamaza weye, nlikuosha mavi." Bi Mwanaidi akasimulia: nyumba inakodishwa, paa atalitengeneza mtu wa hoteli, kisima kisifukiwe. Nilisubiri chumba. Hakukitaja.

"Umemaliza?"

"Nshamaliza."

Shangazi alivuta kibati cha wino wa zambarau. Nilikuwa nimekaa hatua mbili kutoka pale, nimebana mikono mapajani, macho kwenye kibati. Bi Mwanaidi alikuwa ameshachovya kidole gumba alipocheka. "Na huo mlango wangu wasije wakaupaka buluu, nshawaambia!"

"Mlango gani?"

"Wa chumba changu cha chini. Kwani mie ntakwenda kulala wapi?"

Shangazi aliifunua karatasi, akaisoma yote, kisha akanitazama. "Mwanangu, lete rasimu." Nikaleta. "Ulisahau?"

"Nilisahau."

Akanipa kalamu. "Andika. Pembezoni, kama nilivyoandika mimi." Nikaandika, herufi zikapinda kama za mtoto anayeanza chuo cha Kurani. Bi Mwanaidi akapiga dole gumba chini ya karatasi, na jengine ubavuni mwa mstari wangu.

Aliishi chumbani mle mpaka alipofariki, watalii wakimpita mlangoni na mabegi ya magurudumu. Mimi sasa nakaa Fumba, kwenye nyumba mpya zenye kuta kavu, nawaandikia watu rasimu za makubaliano kwenye kompyuta, kazi niliyojifundisha mwenyewe. Siku hizi mstari huingia popote bila ya kuacha alama, na watu hukubali kwa kubonyeza simu, hawajasoma hata nusu. Kurasa zangu ni safi zote. Nazisoma mara saba, kisha naamka kitandani nikazisome tena. Ingekuwaje kama Bi Mwanaidi asingejali rangi ya mlango?

Macho ya shangazi yamedhoofu, kwa hiyo Jumamosi mimi huenda kumsomea karatasi za majirani. Juzi walipoondoka nilimsimulia kisa kile kwa kicheko, kama tunavyokisimulia siku zote nyumbani: mtoto aliyesahau mstari. Alinisikiliza mpaka mwisho, kiganja chake juu ya meza.

"Umemaliza?"

Nilifungua mdomo niseme nshamaliza. Karafuu zilikuwa zikinuka kabatini.

"Bado, shangazi."